Mvumo Ndani ya Maneno ya Wazee: Uchunguzi wa Maikrofoni ya Kompyuta Kibiti na Nyamisati

Kati ya kinywa cha mzee anayesimulia na faili linalohifadhiwa ndani ya kompyuta ipo njia ambayo, ijapokuwa haizidi mita chache kwa urefu, ina vituo vingi: utando wa maikrofoni unaotikiswa na sauti ya msemaji, waya, plagi, tundu la kompyuta, saketi ya kukuza, kigeuzi kinachoifanya sauti kuwa tarakimu, mfumo wa kompyuta unaotoa ruhusa au kuinyima, na mwishowe programu inayoandika. Sauti ikiharibika, imeharibika katika kimojawapo cha vituo hivyo, na kazi ya fundi ni kukijua ni kipi. Walakini watu aghalabu, wasikiapo sauti hafifu au yenye mvumo, hukimbilia kitelezi cha kuongeza nguvu wakakisukuma hadi mwisho wake. Nami nakusudia kubainisha, kwa kazi ya kurekodi wazee iliyofanyika Kibiti mjini na Nyamisati, kwamba kitelezi hicho si dawa, bali ndicho kinachouficha ugonjwa hata usionekane ulipo.

Wazee hao walikuwa wakisimulia kwa Kindengereko, lugha ya wenyeji wa Rufiji. Lugha hiyo imo katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2013 Eva-Marie Ström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, huko Uswidi, aliitolea tasnifu nzima. Lakini Kiswahili kimeingia katika kila nyumba ya Rufiji tangu zamani, na watoto wengi leo huijua lugha ya bibi zao kwa kusikia tu. Kwa hiyo saa moja ya masimulizi ya mzee anayeimiliki lugha barabara haina badali, na mtaalamu atakayekuja baadaye kupima urefu wa irabu au kupambanua konsonanti mbili zinazokaribiana hatakuwa na kitu cha kumwongoza ila kile kilichoandikwa siku hiyo.

Maikrofoni nyingi zinazochomekwa katika kompyuta, zikiwamo zile ndogo za kubana kwenye ukosi wa shati, ni za aina ya elektreti, iliyovumbuliwa mwaka 1962 katika maabara za Bell nchini Marekani na Gerhard Sessler, Mjerumani, pamoja na James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia. Ndani yake mna utando mwembamba uliokabiliana na bamba, na kimojawapo kina chaji ya umeme isiyotoweka; utando unapotikiswa na sauti, umeme kati ya viwili hivyo hubadilika, na transista ndogo iliyo humo humo huyapokea mabadiliko hayo ikayapeleka kwenye waya. Transista hiyo haifanyi kazi pasipo kupewa umeme kidogo, wa volti mbili au tatu hivi, ambao hutoka katika tundu la kompyuta na kupita katika waya ule ule unaorudisha sauti. Asiyelijua jambo hili atashangaa kuona maikrofoni ya studio, ya thamani kubwa na inayodai volti 48, imekuwa bubu mbele ya kompyuta ya mpakato isiyoweza kuipa volti hizo.

Kimya ndicho kilichotukabili Nyamisati, kule bandarini wasafiri wanakopanda boti kwenda Kilindoni, Mafia. Maikrofoni ya ukosi ilichomekwa, programu ikafunguliwa, mzee akahesabu moja hadi kumi, na mstari katika kioo haukutikisika hata kidogo. Hapo pana vishawishi vya kubadilisha mambo mengi kwa pamoja, na mwenye kufanya hivyo, hata sauti ikirudi, hatajua nini kilichoirudisha. Tuliikata njia katikati. Maikrofoni ile ilitiwa katika kamera ya picha, ikasikika vizuri. Basi utando, transista na waya vilikuwa salama. Kisha katika tundu lile lile la kompyuta zikachomekwa hedifoni za simu zenye maikrofoni katika waya wake, nazo zikasikika; basi tundu, mfumo na programu pia havikuwa na lawama. Maadamu pande zote mbili zilikuwa nzima, kasoro haikuwa na mahali pa kukaa ila pale zinapokutana, yaani kwenye plagi.

Na plagi, ikitazamwa kwa makini, husema yenyewe. Ile ya maikrofoni ya ukosi ilikuwa na pete nyeusi mbili, zinazoigawa sehemu tatu. Ile ya hedifoni za simu ilikuwa na pete tatu, zenye kuigawa sehemu nne. Tundu la kompyuta nyingi za siku hizi limetengenezwa kwa plagi ya sehemu nne: ncha ni sikio la kushoto, inayofuata ni sikio la kulia, ya tatu ni waya wa kurudia umeme, na ya nne, iliyo karibu na shina, ndiyo maikrofoni. Plagi ya sehemu tatu ikiingia humo, shina lake refu huzigusa sehemu mbili za mwisho kwa pamoja, likaiunganisha njia ya maikrofoni na njia ya kurudia umeme, na sauti yote ikazimika hapo hapo mlangoni. Hata kitelezi kingesukumwa namna gani, kingekuza kitu ambacho hakipo. Dawa yake ilikuwa kiunganishi kifupi chenye matawi mawili, moja la maikrofoni na moja la hedifoni, kinachouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya simu. Na tangu siku hiyo kiunganishi hicho hukaa katika mkoba mmoja na maikrofoni.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Mifumo ya kompyuta ya sasa, kwa ajili ya kulinda faragha, humtaka mwenye mashine aidhinishe kila programu inayotaka kusikiliza, na Windows ina kibali kimoja cha jumla na kingine cha programu za mezani. Kimojawapo kikifungwa, mstari hulala vile vile kama plagi imeharibika. Aidha, kompyuta yenye maikrofoni yake ya ndani yaweza kuendelea kuisikiliza hiyo badala ya ile ya ukosi. Njia ya kutambua ni kuikwaruza maikrofoni ya ukosi kwa ukucha: mkwaruzo usipoonekana katika kioo, ilhali kugonga kando ya kibodi kunaonekana, basi kompyuta inasikiliza mahali pengine.

Mvumo ni ugonjwa mgumu kuliko kimya, kwa sababu sauti ipo, na mtu hushawishika kuridhika nayo. Kibiti mjini, katika nyumba yenye umeme wa gridi, bibi mmoja alipovaa hedifoni ili asikie alichokwisha kukisema, alizivua akauliza, "Mjukuu wangu, mbona humu mna mashine ya kusaga?" Naye alisikia sawasawa. Umeme wa Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, iwe umetoka katika mitambo ya gesi ama katika bwawa la Julius Nyerere lililojengwa juu ya Mto Rufiji huo huo, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja. Na mzunguko huo, ukipenya katika saketi ya maikrofoni, husikika kama mvumo mzito wa chini, pamoja na mwandani wake wa mara 100.

Swali la kwanza la fundi mbele ya mvumo ni moja tu: je, ukiichomoa chaja ukaiacha kompyuta itumie betri, mvumo unaondoka? Kibiti uliondoka papo hapo. Kabla ya hapo palikuwa na dalili nyingine: kila aliyeweka kiganja juu ya bati la kompyuta aliupunguza mvumo kwa muda, na aliyepitisha kidole taratibu juu ya bati hilo alihisi mtetemo hafifu. Chaja ile ilikuwa ya pini mbili. Chaja za namna hiyo hupitisha mkondo mdogo mno, usiomdhuru mtu, kutoka upande wa umeme wa ukutani hadi kwenye mwili wa kompyuta. Penye waya wa ethi mkondo huo huenda ardhini, lakini pasipo na ethi hubaki ukielea, na waya wa maikrofoni pamoja na mwili wa msemaji huwa sehemu ya njia yake. Chaja ya pini tatu ilitafutwa, na ajabu ni kwamba mvumo ukabaki, mpaka fundi umeme alipoifungua soketi akakuta tundu la tatu la ukutani halina waya nyuma yake. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu tundu la tatu humfanya mtu aamini kuna ethi, na asiyepima huishi na imani hiyo miaka mingi. Nayo ni hatari kwa uhai wa watu wa nyumbani kabla ya kuwa hatari kwa sauti. Waya ulipofungwa, mvumo ulikwisha. Penye nyumba isiyowezekana kutengenezwa, rekodi kwa betri na uchaji wakati wa mapumziko.

Kule visiwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji, umeme wa sola huwa na mwenendo mwingine. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi ngazi, na ngazi hizo huzaa milio ya juu zaidi, ya mara 150, 250, 350 na kuendelea, hata sauti ikawa ya kukwaruza wala si ya kuvuma. Programu ya Audacity, isiyouzwa na inayopatikana tangu mwaka 2000, ina uwezo wa kuichora sauti kwa namna ya picha inayoonyesha nguvu ya kila mlio, na katika picha hiyo gridi huonekana kama mstari mmoja au miwili chini, ilhali inveta huonekana kama ngazi yenye vidato vingi. Sikio lililozoea huzipambanua, lakini picha humwondolea shaka hata mwanafunzi.

Sasa nirudi kwenye kitelezi. Kompyuta nyingi zina pia kiongezo cha maikrofoni, cha hadi desibeli 30, nacho hukuza vyote vilivyomo katika waya, maneno na mvumo pamoja, hata uwiano kati yao usibadilike. Kuisogeza maikrofoni ni tendo la namna nyingine kabisa. Kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa desibeli 6 hivi, na sauti nyingine za nyumbani hubaki zilivyo. Aliyeitoa maikrofoni umbali wa mita moja akaileta sentimita 25 amepata desibeli 12 za maneno matupu. Iwekwe kando kidogo ya kinywa, ili pumzi za p na b zisiupige utando, na nguvu irekebishwe hivi kwamba vilele vya sauti vibaki kama desibeli 12 chini ya kikomo, kwa kuwa mzee anayesimulia vita au mafuriko hapazi sauti kwa hadhari, na sauti iliyogonga kikomo hukatwa kichwa kisichorudishika.

Chumba nacho ni sehemu ya ala. Nyumba ya matofali yenye bati na sakafu ya saruji huirudisha sauti mara nyingi kabla haijafa, na mvua ikinyesha juu ya bati kazi imekwisha; banda la makuti lenye mikeka huinywa sauti vizuri sana, na mimi, kwa upande wangu, nisingebadilishana banda hilo kwa ofisi yoyote yenye viyoyozi. Hofu yake ni upepo tu, khasa wakati wa kusi, na sponji juu ya maikrofoni pamoja na kumketisha msemaji upande usioelekea baharini hutosha.

Programu za mazungumzo ya video nazikataa kwa kazi hii. Zimeundwa kuondoa kila kisichofanana na usemi wa kawaida, na zikisikia ngoma ama mwimbo wa kuvuta sauti huyahesabu kuwa kelele zikayafuta. Vile vile hedifoni zisizo na waya, zikitumika kama maikrofoni, mara nyingi huishusha sauti hadi sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Katika sampuli 8,000 hakuna kinachobaki juu ya mizunguko 4,000, na huko juu ndiko inakokaa sehemu kubwa ya tofauti ya s na f, hata msikilizaji asijue kama limesemwa saa au faa.

Kasoro ya mwisho ilijitokeza baada ya kazi, faili lilipohamishiwa kompyuta nyingine. Sauti ya bibi wa Kibiti ilikuwa nzito kuliko tulivyoikumbuka, na maneno yake yamelegea, ila si kwa kiasi cha kumfanya asiyemjua ashuku. Ushahidi ulipatikana katika kipande kilichorekodiwa kabla ya kuchomoa chaja, ambacho hakikufutwa: mstari wa mvumo, unaostahili kukaa kwenye 50, ulikaa karibu na 46. Umeme wa gridi haushuki kiasi hicho. Kilichoshuka ni faili. Lilirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na kompyuta ya pili ikalisoma kana kwamba ni 44,100, ikaipunguza kasi kwa asilimia 8 hivi, na kila saa moja ya masimulizi ikawa dakika 65 na sekunde 18. Mtaalamu wa kupima irabu angepata irabu ndefu ambazo hazikutamkwa. Katika Audacity kiwango cha faili kilirekebishwa kikarudishwa 48,000, pasipo kuigusa sauti yenyewe, mstari wa mvumo ukarejea kwenye 50, na kipande kile chenye mvumo kimehifadhiwa pamoja na masimulizi, kikiwa kipimo cha kulinganishia nakala zitakazofuata.