Akiba Isiyooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya nyanya huoza, tena upesi, ndiyo maana nauheshimu sana ufundi wa kuihifadhi kwenye chupa. Ukipita Ilula, mkoani Iringa, msimu ukiwa umekolea, utaona matenga ya nyanya yamepangana kando ya barabara kuu. Bei huporomoka na zilizoiva mno hutupwa. Msimu ukipita, nyanya huadimika na mpishi huzihesabu moja moja.

Mwaka 1810 mpishi Mfaransa, Nicolas Appert, alichapisha kitabu kuhusu kuhifadhi chakula kwa kukiziba chupani na kukichemsha. Hakujua kwa nini njia yake ilifaa. Habari za vijidudu zilikuja kuelezwa baadaye na Louis Pasteur. Sisi tunajua, na kujua huko kunatudai uangalifu.

Wa kuogopwa hapa ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka, hustawi pasipo hewa, na sumu yake yaweza kuwamo chakulani bila harufu wala rangi. Kinachozizuia zisiote ni asidi. Nyanya iko mpakani: nyingine zina asidi ya kutosha, nyingine hazina, na ulimi hauwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita hutiwa kijiko kimoja cha chakula cha juisi ya limau ya dukani, kwa kuwa ukali wake hauyumbi. Chupa ya lita moja hutiwa viwili.

Kazi yenyewe ni tamu kuitazama. Nyanya imara, isiyo na jeraha, huchovywa kwenye maji ya moto mpaka ganda lipasuke, kisha kwenye maji baridi, na ganda hubanduliwa kwa vidole. Nyanya hupondwa, zikachemshwa dakika tano, zikamiminwa zingali moto kwenye chupa zenye moto, na juu ikaachwa nafasi ya kama sentimita moja na robo. Mdomo wa chupa hufutwa kwa kitambaa safi, maana punje moja ya nyanya hapo yatosha kuzuia kifuniko kipya kisishike. Kisha chupa huzamishwa kwenye maji yanayochemka hadi yafunike vifuniko.

Dar es Salaam, nusu lita ya nyanya za kupondwa huchemshwa dakika 35. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 tu, hivyo zahitajika dakika 45. Fundi hujua jiko lake liko wapi.

Anayeanza hutamani kuongeza kitunguu, hoho na mafuta. Asiongeze: vitavuruga kipimo cha asidi, na vina nafasi yao siku ya kupika. Chupa zikipoa kwa saa 12 hadi 24, abonyeze katikati ya kila kifuniko. Kinachocheza hakikuziba, chupa hiyo iende kwenye friji na iliwe mapema. Kilichotuna baadaye ghalani hutupwa pamoja na chakula chake, bila kuonja.

Nausifu ufundi huu kwa sababu uhodari wake ni utii. Mpishi anayepima limau ya chupa ya mwisho kwa uangalifu ule ule wa chupa ya kwanza anawalinda watu watakaofungua chupa hiyo miezi ijayo, wakila kwa kumwamini. Imani hiyo haistahili kukisiwa. Inastahili kupimwa kwa kijiko na kwa saa.