Kelele za Mlango au Ushahidi? Tahakiki ya Miitikio ya Mitandao ya Kijamii kwa Habari za Kisiasa za Televisheni katika Uchaguzi Mkuu wa Uingereza wa 2019

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Walinena pia kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Methali hizi mbili zinapingana, na katika kupingana kwake zinabainisha namna mbili ambazo miitikio ya mitandao ya kijamii kwa habari za kisiasa imekuwa ikisomwa nchini Uingereza. Vyombo vya utangazaji, hususan Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC), vimeelekea kuisoma kama kelele za mlango: ni ghadhabu ya mashabiki wa vyama ambayo mhariri mwenye uzoefu hana budi kuivumilia. Watumiaji wa mitandao, kwa upande wao, wameelekea kuuchukua wingi wa lawama kuwa ndio uthibitisho wa lawama zenyewe.

Makala haya yanahakiki aina hizo mbili za usomaji kwa kurejelea kampeni za uchaguzi mkuu uliofanyika tarehe 12 Desemba 2019. Hoja inayotetewa ni kwamba aina zote mbili zina kosa moja la msingi. Zinachanganya madai yasiyofanana: dai la tendo, yaani kile kilichorushwa hewani au kuandikwa, ambalo linaweza kupimwa kwa rekodi iliyopo, na dai la nia, yaani sababu ya kufanya hivyo, ambalo rekodi hiyo peke yake haiwezi kulithibitisha. Dai la tendo likijibiwa kana kwamba ni dai la nia, kosa halisi hufunikwa. Dai la nia likihesabiwa kuwa limethibitishwa na tendo, dhana huvishwa joho la ukweli.

2.0 Muktadha wa Kisheria na wa Kinadharia

Magazeti ya Uingereza yana uhuru wa kuunga mkono chama yanachokitaka. Televisheni na redio hazina uhuru huo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 inazitaka habari zao ziwe sahihi na zisiegemee upande, na msimamizi wa sharti hilo ni mamlaka ya Ofcom, ambayo tangu Aprili 2017 inasimamia pia maudhui ya vipindi vya BBC. Aidha, BBC hugharimiwa kwa ada ya leseni inayolipwa na kaya zinazotazama matangazo ya televisheni. Kwa hiyo, mtazamaji anayeituhumu BBC kwa upendeleo haelezi tu kutoridhika kwake. Anadai kuwa sharti la kisheria limevunjwa na kwamba fedha zake zimetumika kulivunja. Uzito wa tuhuma hiyo unatosha kueleza kwa nini miitikio ya Waingereza kwa habari za televisheni huwa mikali kuliko ile inayoelekezwa kwa magazeti, ambayo upande wake unajulikana tangu awali.

Katika uwanja wa nadharia, Stuart Hall alieleza mwaka 1973 kuwa maana ya matangazo haikamiliki studioni. Mpokeaji anaweza kuikubali maana iliyokusudiwa, kuijadili na kuikubali kwa sehemu, au kuipinga kabisa. Nadharia hiyo inamrudishia mtazamaji hadhi ya mfasiri. Vallone, Ross na Lepper, katika utafiti wao wa mwaka 1985, waliwaonyesha wanafunzi habari zilezile za televisheni za Marekani kuhusu mauaji ya Beirut ya mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli na waliounga mkono Waarabu waliona, kila kundi kwa upande wake, kuwa habari hizo ziliwaonea wao. Baadaye, Anstead na O'Loughlin (2011) walichunguza maoni yaliyoandikwa kwenye Twitter wakati kipindi cha Question Time cha Oktoba 2009 kikiendelea, ambapo mmoja wa wageni alikuwa Nick Griffin, kiongozi wa chama cha British National Party. Walionyesha kuwa umezuka umma wa watazamaji wanaofasiri siasa hadharani huku wakitazama.

Kazi hizo tatu zina manufaa, lakini zina mpaka ambao wahakiki wengi huuvuka bila kutanabahi. Utafiti wa 1985 unaeleza kwa nini shabiki huona upendeleo. Hausemi kwamba kila anayeona upendeleo amekosea. Kuutumia kuwanyamazisha walalamikaji wote ni sawa na kusema kuwa, kwa kuwa wagonjwa wengine hujidhania tu kuwa wana homa, hakuna haja ya kipimajoto.

3.0 Uchambuzi wa Miitikio ya 2019

3.1 Shada la maua na kicheko kilichokatwa

Tarehe 10 Novemba 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson aliweka shada la maua kwenye mnara wa Cenotaph jijini London katika ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Asubuhi iliyofuata kipindi cha BBC Breakfast kilionyesha picha za mwaka 2016, Johnson alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kana kwamba ni za tukio la siku iliyotangulia. Watumiaji wa Twitter waliitambua tofauti hiyo, na BBC ikaomba radhi ikisema ni kosa la utayarishaji.

Siku chache baadaye, tarehe 22 Novemba, Johnson aliulizwa katika Question Time kuhusu umuhimu wa viongozi kusema kweli, na baadhi ya wahudhuriaji wakacheka. Katika taarifa ya habari ya mchana uliofuata, kicheko hicho hakikusikika. BBC ilieleza kuwa kipande hicho kilifupishwa kwa sababu ya muda, kisha ikakiri kuwa kuondoa kicheko lilikuwa kosa.

Katika matukio haya mawili dai la tendo lilikuwa sahihi kabisa, na lilithibitishwa na watu wasio na cheo chochote katika tasnia ya habari, kwa njia rahisi ya kuweka picha mbili sambamba. Hata hivyo, dai la nia lililofuata, kwamba BBC ilikuwa ikimsafisha Johnson kwa makusudi, halikusimama kwenye msingi uleule. Kipande chenye kicheko kilikuwa kimekwisha kurushwa kikamilifu katika taarifa ya habari ya saa nne usiku wa Ijumaa. Shirika lenye njama ya kuficha kicheko lisingekitangaza kwanza kwa taifa zima. Rekodi iliyothibitisha kosa ndiyo hiyo hiyo iliyodhoofisha tuhuma ya njama, ila wengi waliirejelea nusu tu.

Majibu ya BBC nayo yalikuwa na upungufu. Mwezi Desemba 2019 Fran Unsworth, aliyekuwa mkurugenzi wa habari wa shirika hilo, alilitetea katika gazeti la The Guardian kwa kukiri kuwa makosa yametokea na kukanusha kuwa kulikuwa na njama. Ukanushaji huo ulikuwa na haki yake. Tatizo ni kwamba uzito wa utetezi uliwekwa kwenye nia, ilhali swali lenye manufaa kwa umma lilihusu utaratibu: picha za maktaba za miaka mitatu nyuma zilipitaje mikononi mwa wahariri bila kugunduliwa? Mwenye nyumba alijibu kuwa yeye si mwizi, ilhali aliambiwa kuwa mlango wake uko wazi.

3.2 Leeds: umati uleule, kweli na uongo

Tarehe 9 Desemba, siku tatu kabla ya kura, matukio ya mji wa Leeds yalionyesha kwa uwazi zaidi ugumu wa suala hili. Gazeti la Yorkshire Evening Post lilikuwa limechapisha habari na picha ya mtoto wa miaka minne aliyelala sakafuni hospitalini akisubiri kitanda. Johnson, alipoonyeshwa picha hiyo kwenye simu na mwandishi wa ITV, aliichukua simu na kuitia mfukoni mwake. Waziri wa Afya, Matt Hancock, akaenda hospitalini. Muda si mrefu Laura Kuenssberg, mhariri wa siasa wa BBC, na Robert Peston wa ITV waliandika kwenye Twitter kuwa mfuasi wa Labour amempiga ngumi mshauri wa Hancock. Video iliyosambaa baadaye ilionyesha kuwa hakuna ngumi iliyopigwa. Mshauri alikuwa amejigonga kwenye mkono wa mwandamanaji. Waandishi wote wawili waliomba radhi, na Kuenssberg alieleza kuwa vyanzo viwili ndivyo vilivyompa habari hiyo.

Siku hiyohiyo, kwenye mitandao hiyohiyo, ulienea ujumbe ulionakiliwa neno kwa neno na akaunti nyingi, ukidai kuwa picha ya mtoto ilipangwa. Madai hayo yalikuwa ya uongo: hospitali yenyewe ilikuwa imekiri tukio na kuomba radhi.

Hapa methali zote mbili zinashindwa. Anayesema kuwa miitikio ya mitandao ni kelele tupu hana jibu kuhusu video iliyowasahihisha wanahabari wawili mashuhuri kwa muda mfupi, jambo ambalo utaratibu rasmi wa malalamiko usingeliweza kabla ya siku ya kura. Anayesema kuwa lisemwalo lipo hana jibu kuhusu ujumbe wa uongo uliorudiwa na watu wengi. Kilichotenganisha kweli na uongo hakikuwa idadi ya wasemaji wala ukali wa lugha yao. Kilikuwa ni kuwepo au kutokuwepo kwa kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukikagua.

3.3 Barafu ya Channel 4

Lawama hazikutoka upande mmoja. Katika mdahalo wa Channel 4 kuhusu tabianchi tarehe 28 Novemba, nafasi za Johnson na Nigel Farage, ambao hawakuhudhuria, ziliwekwa sanamu za barafu zilizokuwa zikiyeyuka. Chama cha Conservative kilipeleka malalamiko Ofcom, na Ofcom ikaamua kuwa kanuni hazikuvunjwa. Tendo halikubishaniwa na yeyote. Kilichobishaniwa ni maana yake, na chombo chenye mamlaka ya kisheria kilitoa uamuzi.

4.0 Udhaifu wa Hoja ya Pande Mbili

Hoja inayosikika mara kwa mara katika utetezi wa watangazaji ni kwamba, kwa kuwa mrengo wa kushoto na wa kulia wote wanalalamika, basi chombo kiko katikati. Uchambuzi uliotangulia unaonyesha kuwa hoja hiyo haina mashiko. Lalamiko kuhusu picha za 2016 lilikuwa la kweli katika tendo. Lalamiko kuhusu barafu lilikataliwa. Kuyajumlisha hakuzai mizani iliyo sawa. Mnunuzi na muuzaji wakiinung'unikia mizani kwa pamoja, manung'uniko yao hayathibitishi kuwa mizani ni sahihi. Huthibitishwa kwa kuwekwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Katika habari, jiwe hilo ni rekodi.

Udhaifu huo unajitokeza pia katika dawa iliyochaguliwa. Baada ya Tim Davie kushika ukurugenzi mkuu mwaka 2020, BBC ilitoa mwongozo mpya wa matumizi ya mitandao ya kijamii, uliolenga zaidi kuwazuia wafanyakazi kutoa maoni binafsi ya kisiasa. Mwezi Machi 2023 mwongozo huo ulileta mgogoro mkubwa pale Gary Lineker, mtangazaji wa soka, alipoondolewa hewani kwa muda kwa kuikosoa sera ya serikali kuhusu waomba hifadhi. Lakini chapisho la Kuenssberg kuhusu Leeds halikuwa na maoni yoyote. Lilikuwa habari, iliyotolewa kwa haraka kwa kuamini vyanzo. Katazo la maoni haligusi kosa la namna hiyo. Vilevile, kanuni za utangazaji za Ofcom zinahusu vipindi vinavyorushwa hewani, si machapisho ya mwandishi mmoja mmoja kwenye akaunti yake. Hivyo, mahali ambapo kosa zito zaidi lilitokea ndipo palipobaki na ulinzi mdogo zaidi.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa miitikio ya mitandao ya kijamii ya 2019 haikuwa kipimo cha upendeleo wa televisheni za Uingereza, na wala haikuwa kelele zisizo na maana. Ilikuwa mchanganyiko wa ushahidi na dhana, na thamani yake ilitegemea kazi ya kuvitenganisha, kazi ambayo watangazaji na walalamikaji wote walielekea kuikwepa.

Matokeo haya yana maana ya kimbinu. Tafiti zinazohesabu tu iwapo maoni ni ya kusifu au ya kulaumu haziwezi kuinasa tofauti iliyoelezwa hapa, kwa kuwa video ya Leeds na uzushi wa Leeds yote yangeingizwa katika safu moja ya lawama. Kinachopendekezwa ni kuainisha kila mwitikio kwa kuuliza unadai nini na unakaguliwaje. Suala hili halikomei Uingereza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, imejenga jina lake Afrika Mashariki juu ya imani kwamba kinachosomwa hewani kimehakikiwa kwanza. Imani hiyo haipotei kwa sababu msikilizaji amelalamika. Hupotea pale anapoleta ushahidi mkononi, naye akajibiwa kuwa hana sababu ya kuwa na hasira.