Mstari Mmoja Unaoishika Sura ya Windows

Kitufe cha Start, upau wa kazi na ikoni zilizotapakaa kwenye kioo cha Windows 95 si Windows yenyewe. Zote zinachorwa na programu moja, Explorer.exe, ambayo mfumo huiita kwa jina kila kompyuta inapowaka. Mafundi huiita ganda. Jina lake limo ndani ya faili la SYSTEM.INI, sehemu ya [boot]: shell=Explorer.exe. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992 palikuwa na progman.exe mahali hapohapo.

Ukiandika jina jingine, Windows italiita hilo bila kuuliza. Hapo ndipo LiteStep, ganda mbadala, ilipopitia mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na sura iliyochukuliwa kwa AfterStep ya Linux, nayo AfterStep ilikuwa imeiga mfumo wa NeXTSTEP.

Kubadili mstari ni kazi ya dakika moja. Ugumu ulikuwa kwingine, kwa sababu Explorer ilikuwa ikifanya mengi kimyakimya: ndiyo iliyowasha programu za folda ya Startup, ndiyo iliyopokea ikoni ndogo zinazokaa kando ya saa. Ukiiondoa, hayo yote yanakwenda nayo.

Suala la ikoni hizo lilitatuliwa kwa ustadi ninaoustahi mpaka leo. Programu inayotaka kuweka ikoni haizungumzi na Explorer moja kwa moja. Inaita Shell_NotifyIcon, na Windows inatafuta dirisha la aina iitwayo Shell_TrayWnd ili ilipe ujumbe. Haikagui dirisha hilo limeundwa na nani. Basi watengenezaji wa maganda mbadala wakaunda dirisha lao, wakalipa jina lilelile, na ujumbe ukaanza kuwafikia wao. Ganda likianguka kisha likarudi, hutangaza TaskbarCreated, na programu zilizoandikwa vizuri huziweka upya ikoni zao.

Kwa hiyo, unapochagua ganda, uzuri wa picha uje baadaye. Kwanza jaribu kama linazipokea ikoni hizo na kama linawasha programu za mwanzo. LiteStep yenyewe ilijengwa kwa moduli, kila moja ikitajwa kwa mstari wa LoadModule katika faili la step.rc; moduli mbovu iliweza kuliangusha ganda zima, lakini ulifuta mstari wake tu ukaendelea na kazi.

Kabla ya kufunga ganda jipya katika Windows 95, nakili SYSTEM.INI pembeni. Kioo kikibaki kitupu, zima, washa, bonyeza F8, ingia DOS, fungua faili hilo kwa EDIT na urudishe jina la zamani. Sijaona njia ya kujiokoa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Katika ukoo wa Windows NT, hadi Windows 11, jina la ganda liko kwenye Rejista, chini ya Winlogon, thamani ya Shell. Ukiibadilisha upande wa HKEY_LOCAL_MACHINE, unawagusa watumiaji wote wa kompyuta. Iandike upande wa HKEY_CURRENT_USER, tena kwenye akaunti ya majaribio, ili akaunti yako ya kila siku ibaki salama. Ganda likigoma, Ctrl, Alt na Delete zitakupa njia ya kufungua Task Manager, na humo unaweza kuiita regedit hata kama hakuna upau wa kazi wala menyu.