Ruka Kwanza: Namna ya Kuitambua Gemu Nzuri ya Kukimbia na Kupiga Risasi

Ukikabidhiwa pedi ya gemu usiyoijua, usianze kwa kufyatua. Ruka. Ruka papo hapo ulipo, kisha ruka ukienda mbele, kisha ruka mbele na ujaribu kugeuka nyuma ukiwa bado hewani. Sekunde hizo chache zitakueleza mengi kuliko picha iliyobandikwa kwenye boksi, na kuliko maneno ya anayekuuzia. Gemu hizi, ambazo steringi anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia huku akivuka mashimo na kumimina risasi, zinabebwa na mambo mawili: mruko na risasi. Mengine yote ni mapambo, hata yakiwa mapambo mazuri.

Wengi tuliokulia Masasi na Newala tuliijua aina hii kupitia Contra. Ilitufikia kwa mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo, ikiwa ndani ya kaseti ya njano, kwenye TV ya chogo iliyozungukwa na vichwa vya watoto wanaosubiri zamu. Leo vibanda vingi vya gemu vimegeukia mpira, na ukimkuta kijana wa stendi ya Masasi anapiga risasi, mara nyingi anazipiga kwenye simu. Humo simuni zimejaa gemu za askari anayekimbia, nyingine zikiwa Contra yenyewe ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, nyingi zikiwa ni za kuiga tu. Kwa macho zinafanana. Ukizishika mkononi, hazifanani hata kidogo.

Contra ilitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1987 kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, ikaja Famicom mwaka 1988. Askari wake wawili, Bill Rizer mwenye suruali ya bluu na Lance Bean mwenye nyekundu, wanaruka kwa kujikunja na kupinduka, na ukiwa hewani bado unaweza kubadili mwelekeo. Umeona risasi inakuja wakati umesharuka? Vuta mshale nyuma, utarudi. Sasa weka pembeni yake Ghosts 'n Goblins ya Capcom ya mwaka 1985. Yule shujaa wake mwenye mavazi ya chuma, Arthur, akisharuka ameruka. Mahali atakapoangukia paliamuliwa miguu ilipotoka ardhini. Mtu mwenye haraka atasema ya kwanza ni bora na ya pili ni mbovu. Hukumu hiyo si ya haki. Kipimo ni kama ramani ya gemu imetengenezwa kufuata mruko wake. Mchonga vinyago wa Kimakonde hufuata umbo la gogo la mpingo alilonalo, na mtunga gemu hodari hufanya vivyo hivyo: akishaupata mruko, kila shimo, kila ukingo na kila adui anachongwa kuufuata. Gemu nyingi za kuiga zimechukua mruko wa Contra na kuutupa kwenye ramani ambayo hakuna aliyeipima. Utalijua kosa hilo utakapotakiwa kuruka kwenda mahali ambapo kioo bado hakijakuonyesha. Gemu nzuri haikulazimishi kuruka gizani.

Baada ya mruko, zitazame risasi za adui kabla hujazitazama za kwako. Kwenye Contra risasi nyingi za askari ni vidonge vidogo vyeupe vinavyokuja kwa mwendo ambao jicho linaweza kuufuata. Una nafasi ya kuruka juu yake au kulala chini ipite kichwani, na kama uko mtoni, kujizamisha hadi ipite. Hapo ndipo penye siri ya gemu hii. Kuguswa mara moja ni kufa, na una maisha matatu tu, lakini mtu haitupi pedi kwa hasira kwa sababu anajua kilichomuua. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: kila unapokufa, jiulize nani ameniua, na ningefanya nini nisife. Jibu likija kabla hujavuta pumzi ya pili, uko kwenye mikono ya fundi. Ukifa mara tatu mfululizo na huna jibu hata moja, zima. Labda risasi ilitoka nje ya kioo, au ilikuwa na rangi ya majani yaliyo nyuma yake, au ilikuua ilhali ilipita pembeni ya bega. Hili la mwisho lichunguze kwa makini. Watunzi wazuri humpendelea mchezaji kidogo: risasi ikimgusa ncha ya nywele, wanamwachia. Watunzi wabaya huuacha mwili wa steringi uwe mpana kuliko unavyoonekana, na kila kifo kinakuwa dhuluma.

Ukikaa na mchezaji mzoefu utamsikia akizitaja silaha za Contra kwa herufi. S ndiyo mfalme, inayotoa risasi tano kwa mpigo zikifunguka kama kipepeo. Wengi huipenda kwa sababu inafagia kioo, lakini ubora wake hasa uko kwenye umbali: ukiwa mbali, risasi moja au mbili tu ndizo zitamfikia bosi, ukimsogelea hadi mguuni pake, zote tano zinaingia. Silaha hiyo inakuomba ujihatarishe ili ikulipe. L, ile miali, ina nguvu sana, ila ukibonyeza tena kabla ule wa kwanza haujafika, unaukata mwenyewe, kwa hiyo inamwadhibu mwenye papara. Silaha ya namna hiyo ina tabia, na lazima ujifunze kuishi nayo. Gemu ambayo kila silaha mpya ni ile ya zamani iliyoongezewa nguvu imekosa fikra.

Walioendeleza jambo hili mbali zaidi ni Treasure, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992 na watu waliotoka Konami. Gemu yao ya kwanza, Gunstar Heroes ya mwaka 1993 kwenye Mega Drive ya Sega, ina silaha nne za msingi. Unabeba mbili na kuziunganisha ziwe kitu cha tatu. Kabla ya kuanza inakuuliza kama unataka kusimama unapolenga au kupiga huku unakimbia, na jibu lako linaibadilisha gemu nzima. Metal Slug, iliyotoka mwaka 1996 kwenye mashine za Neo Geo za SNK, ilishika njia nyingine: bastola haiishi risasi, bunduki kubwa inaisha. Ukiokota bunduki kubwa ya kwanza una risasi 200, na kila unapoachia kidole unaamua kama askari huyu mmoja anastahili. Mateka wenye ndevu ndefu unaowafungua kamba wanakupa silaha kisha wanapiga saluti. Kila askari wa Metal Slug amechorwa kwa mkono, nukta kwa nukta. Utawakuta wamekaa wanapiga soga, wakikuona wanaruka kwa hofu na kupiga mayowe. Uchoraji huo una kazi, kwa kuwa ile hofu ndiyo inayokupa nusu sekunde ya kuamua. Uzuri wa picha unaokueleza kinachofuata ni sehemu ya uchezaji, na huo ndio wa kusifiwa.

Cuphead ya mwaka 2017, kazi ya ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, imechorwa kwa wino kwenye karatasi kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930. Inasifiwa kwa picha, nami naisifu zaidi kwa jambo dogo: ukifa mbele ya bosi, inakuonyesha mstari wa safari na mahali ulipofika. Mara nyingi unakuta ulibakiza hatua mbili, na mkono unarudi kwenye pedi wenyewe.

Kabla ya kuilaumu gemu, hakikisha tatizo si mashine. Vumbi jekundu la kiangazi huku kwetu linaingia kwenye pedi, na mpira ulio chini ya vitufe ukishachoka kitufe cha kuruka kinajibu mara moja kati ya mbili. TV nazo zinatofautiana. TV ya chogo huonyesha ulichobonyeza karibu papo hapo. Nyingi za bapa huchukua muda wa kuichakata picha, na ucheleweshaji huo, hata uwe mdogo kiasi gani, unaua. Kama TV ina mpangilio wa gemu, uwashe. Kuna pia suala ambalo wengi hatukulijua utotoni: Contra ilitungwa kwa picha 60 kwa sekunde, lakini mashine zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL huonyesha 50. Aliyeizoea huko, siku akikutana na ile ya kasi yake halisi, huona maadui wote wamepandwa na wazimu. Ila kuna uzito ambao ni kosa la gemu yenyewe. Metal Slug 2 ya mwaka 1998 inasifika kwa uzuri na kulaumiwa kwa kukokota kila maadui wanapojaa. Mwaka uliofuata SNK waliitoa upya kwa jina la Metal Slug X, wakiwa wamepanga maadui upya na kuondoa sehemu kubwa ya uzito huo. Kati ya hizo mbili, chukua X.

Na ukinunua kaseti inayodai ina maelfu ya gemu, usiihesabu kwa namba ya kwenye karatasi. Shuka kwenye orodha utakuta gemu zilezile zinarudi kwa majina mengine, moja inaanzia steji ya tano, nyingine inakuanzishia na silaha mkononi.

Sasa wachezaji wawili, maana hapa ndipo Contra inapozipita nyingi zilizokuja baadaye. Steji ya tatu ni maporomoko ya maji, na kioo kinapanda badala ya kwenda pembeni. Aliye juu anakivuta. Aliyebaki chini, kioo kikimwacha, anakufa. Gemu yenyewe haikuambii hilo. Mnajifunza kwa kuuana, kisha mnaanza kuongea: ngoja, panda, nimefika, ruka. Steji za kwenda pembeni zinageuza kibao, kwa sababu anayezubaa nyuma anamzuia mwenzake asisonge. Maisha yako yakiisha, unaweza kuchukua moja la mwenzako, na hapo ndipo urafiki unapopimwa kibandani, maana wengine hawaombi. Ukitaka kujua kama gemu ya watu wawili ni nzuri, funga macho na uwasikilize wanaoicheza. Kama wako kimya, kila mmoja anacheza gemu yake. Kama wanaitana, imefanya kazi.

Kuhusu ile njia ya mkato inayokupa maisha 30 kwenye Contra: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mfuatano huo uliwekwa kwanza kwenye Gradius ya Famicom mwaka 1986 na Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyeiona gemu hiyo ngumu mno alipokuwa akiijaribu. Kwa kujifurahisha, itumie bila haya. Kwa kuihukumu gemu, iache. Ukiwa na maisha 30 huoni tofauti ya kifo cha haki na kifo cha dhuluma, vyote vinapita tu. Kwa maisha matatu kila kosa la mtunzi linaonekana.

Urefu nao upimwe. Contra ina steji nane, na mchezaji mzuri anaimaliza kwa takriban nusu saa. Haihifadhi ulipofikia. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, huo ni urefu wa busara: ukikatika, umepoteza dakika chache, na ukirudi unaanza tena kwa furaha kwa sababu daraja la steji ya kwanza linalolipuka chini ya miguu yako halichoshi. Nina mashaka na gemu yoyote ya aina hii inayojisifu kwa saa ishirini za kucheza. Mara nyingi imerudia ukurasa uleule kwa rangi tofauti.

Kwenye simu kuna jambo moja zito kuliko yote. Gemu nyingi za bure hukuuzia maisha: umekufa, tazama tangazo au lipia, uendelee. Gemu inayopata fedha unapokufa ina sababu ya kukuua bila haki, na kipimo chetu cha kile kifo chenye jibu kitaifichua mapema, kwa kawaida pale mambo yanapokuwa magumu ghafla baada ya steji chache laini. Mashine za sarafu zilikuwa na tamaa ileile, wala Metal Slug haikusalimika: steji zake za mwisho zinadai sarafu waziwazi, na hilo ni doa kwenye kazi nzuri. Lakini angalau mtunzi wa zamani alijua kwamba ukihisi umeibiwa utahamia mashine ya jirani. Kioo cha simu chenyewe pia hakina kingo za kukuongoza. Kidole kinateleza, na mruko mzuri unaonekana mbovu. Usiihukumu Contra wala Metal Slug kwa kioo. Tafuta pedi ya waya, hata ya bei ya chini, ndipo useme.

Kama uko peke yako na unaanza leo, anza na Metal Slug X, uzitazame sura za maadui wanapokuona. Kama mko wawili, wekeni Contra ya mwaka 1988, maisha matatu kila mmoja, na mkubaliane kabla ya maporomoko nani atapanda kwanza.