Gharama ya tone iko kwenye pampu

Umwagiliaji wa matone ukiitwa ghali, lawama huangukia mipira iliyotandazwa shambani. Kwa mkulima asiye na umeme wa gridi, mzigo mzito mara nyingi ni pampu na paneli za sola za kuiendesha, na ukubwa wake huamuliwa kwa sehemu na kidude kisichofika kidole gumba: kidondoshi kilichopachikwa kwenye mpira, kila penye tundu. Vilivyo bora vina kiwambo laini cha silikoni. Presha ikipanda, kiwambo hubonyea na kubana njia ya maji. Ikishuka, huachia, na mche wa mwisho wa tuta hupata sawa na wa kwanza. Kisipokuwapo, presha ikishuka hadi robo maji hupungua karibu nusu, na nyanya za mwisho wa mstari hudumaa. Kasoro ni kwamba vidondoshi vingi vya aina hii havifanyi kazi sawasawa mpaka presha ikaribie bar 1, yaani nguvu ya kupandisha maji mita 10.

Kundi la Amos Winter wa chuo cha MIT, Marekani, halikutupa kiwambo. Lilikokotoa jinsi maji yanavyokikunja, kisha likaiachia kompyuta itafute vipimo vya mfereji na tundu chini yake. Kidondoshi walichokitangaza mwaka 2017 huanza kudhibiti maji kwa bar 0.15, sawa na mita 1.5. Ni kazi ya vipimo tu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Atakayepinga atasema maji bado lazima yatolewe kisimani, na ana haki. Tuweke kando msuguano na chujio, ambalo nalo hula presha. Kisima cha mita 5 kilidai jumla ya mita 15. Sasa kinadai 6.5, nishati imepungua kwa zaidi ya nusu. Kisima cha mita 60 kinashuka kutoka 70 hadi 61.5, asilimia 12 tu, na hapo paneli hazipungui kwa kiasi cha kujivunia. Teknolojia hii, basi, ni ya mabwawa, mito na visima vifupi, au tanki lililoinuliwa juu ya kichanja. Kabla ya kuuliza bei ya mipira, teremsha kamba kisimani mwishoni mwa kiangazi, upime maji yako umbali gani.