Mpaka wa Mstari: Tendi za Nanga katika Kitabu cha Kielektroniki
Tasnifu ya M. M. Mulokozi (1986) iliziingiza tendi za nanga za Wahaya, wakiwemo wa Bukoba na Muleba, katika mjadala wa epiki ya Kiafrika. Maandishi ya namna hiyo yanapogeuzwa kutoka PDF kuwa EPUB, mara nyingi mistari huunganishwa kuwa aya na kunyooshwa kingo zote mbili. Utenzi wa pwani ukivurugwa hivyo, mizani 8 na vina humwezesha mhariri kuurejesha. Utendi wa nanga hauna kinga hiyo: mpaka wa mstari ni uamuzi wa mnukuzi aliyesikiliza pumzi na ala. Ukifutwa, ushahidi wa utendaji hupotea. Kila mstari, basi, uwekewe alama yake na upangwe kushoto. Nafasi pana itenganishe vipashio vya uimbaji pekee.