Kipimaulevi au Kipimapombe?

Kifaa anachopulizia dereva abainike kama amekunywa huitwa na wengi «kipimaulevi». Istilahi hii, kwa maoni yetu, ina kasoro. Ulevi ni hali ya mtu. Kifaa hupima kiasi cha pombe katika pumzi.

Tuchukue mfano wa dereva aliyesimamishwa Mtanda, mjini Lindi. Hapepesuki, wala ulimi haumteteri. Akiambiwa apulize kipimaulevi, atakuwa na haki ya kujibu, «Sikulewa». Hata hivyo, tarakimu zaweza kupita kiwango. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hutenganisha mambo hayo mawili: kushindwa kuendesha kwa ulevi, na kuzidisha kiwango.

Twapendekeza «kipimapombe», ili apulizaye ajue kinachopimwa.